Nyota Iliyomwamsha Mama Somoe

Walimu wenzangu, siku mliponiaga mlinipa vitenge, godoro, na maneno mazuri ambayo nusu yake naamini yalikuwa ya kweli. Watu walipoanza kutawanyika, mwalimu wa sayansi wa darasa la tano alinivuta pembeni. "Mama," akasema, "zile nyota na sayari ulikuwa unazifundishaje? Wangu wanaandika kwenye mtihani na wanapata vema. Nikiwauliza usiku sayari ni ipi, wananionyesha taa ya mnara wa simu." Nilicheka, nikamwahidi nitaandika.

Basi naandika. Vyeo sitavigusa, maana nilivyopata vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilipangiwa kazi huku kusini nikiwa msichana wa Singida ambaye hajawahi kuonja ming'oko, ile mizizi ya porini mnayochemsha huku. Basi lilinishusha Masasi jioni. Nilipoiona ile milima ya mawe imesimama nyuma ya mji nikapata moyo, kwa sababu kwetu nako ni mawe matupu. Kesho yake nikapanda huku uwanda wa juu kwa lori lililobeba magunia ya chumvi, na mawe yakaisha. Juu huku kulikuwa na mikorosho, mchanga mwekundu na upepo. Mwalimu mkuu wa shule yetu, si mbali na Kitangari, alinikabidhi nyumba, kitanda cha kamba na ndoo mbili. Nikamuuliza bomba liko wapi. Alicheka kwa adabu, kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa bondeni.

Jioni ile ile jirani yangu aligonga mlango. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amefunga mtoto mgongoni, na ndoo yenye maji nusu kichwani. "Karibu, mwalimu," akasema. "Mimi Mama Somoe. Oga kwanza, habari utanipa baadaye." Niliyaoga yale maji yote bila kufikiri. Baada ya siku chache, niliposhuka naye bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, nikipumzika kila kona, ndipo nilipojua alinipa nini. Nilimpenda tangu siku hiyo na sijaacha.

Kushuka huko kulikuwa na utaratibu wake. Chemchemi ilikuwa moja, nayo ilitoa maji polepole; mwenye kuchelewa aliondoka na tope. Saa za ukutani hazikuwepo, na jogoo wa pale walikuwa na akili zao. Akina mama waliamka kwa nyota. Waliiita nyota ya maji. Mama Somoe alinifundisha mlangoni kwangu: itafute upande wa mawio, ni kubwa kuliko zote, na haipepesi. Ikifika usawa wa paa la jiko, chukua ndoo. "Inayopepesa iache," alinionya. "Hizo zinacheza tu. Ya maji hukutazama imetulia." Nyota hiyo, nyinyi mnaijua kwa jina la vitabuni, ni sayari ya Zuhura.

Darasani nilikuwa hodari zaidi. Wiki ya kwanza niliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: Nyota humetameta. Sayari hazimetameti. Watoto wakaimba mpaka madirisha yakatikisika. Nyuma ya darasa alikuwa amekaa Mwalimu Chilumba, mzee wa darasa la saba, mfupi, mwenye koti moja la kaki na ugomvi na kila kitabu kilicholetwa shuleni. Alinisifu mwandiko. Halafu akauliza, "Wewe mwenyewe umewahi kuiona sayari, binti yangu?"

"Nimeiona kwenye picha, Mwalimu."

"Haya. Leo ukishakula njoo uwanjani, uje na kigoda."

Kifaa chake kilikuwa kipande cha mwanzi urefu wa mkono, kimetobolewa kikawa wazi pande zote mbili, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mlingoti wa bendera. Hakikukuza kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuzuia macho yasitangetange. Ukichungulia mle ndani unaona nyota moja peke yake, na ukiwa na subira utajua kama inapepesa au imetulia. Nilichungulia moja ikawa inatapatapa, mara nyeupe, mara kama ina wekundu. Akageuza mwanzi, nikachungulia nyingine, na hiyo ikakaa kimya kabisa. Nilikuwa na cheti cha ualimu na nilikuwa nimeipita sayari ile kila usiku wa maisha yangu. Nilisikia furaha ya kitoto, nikaomba kuangalia tena.

Mwalimu Chilumba alinipa mambo manne, nami nawapa hivyo hivyo. Kwanza, toka nje. Somo hili halina maana chini ya bati. Pili, panga kokoto mchangani kama nyota za jirani zilivyokaa, uzifunike kwa karai, uje ulinganishe baada ya wiki kadhaa. Nyota utazikuta na majirani wale wale. Sayari ni mpangaji, utamkuta amehama. Tatu, usiihukumu ikiwa chini. Moshi, vumbi na joto la ardhi vyote viko njiani, kwa hiyo hata sayari itapepesa ikiwa imelala juu ya mikorosho. Ngoja ipande.

La nne ndilo lililokuja kunifaa kuliko yote. Zuhura haiendi mbali na jua. Utaiona jioni jua likishazama, au alfajiri kabla halijatoka, lakini katikati ya usiku hutaiona kamwe. Na haifanyi zamu mbili: ikiwa ni msimu wake wa jioni, alfajiri haipo. Sayari nyingine, Mshtarii, haina adabu hiyo. Nayo ni kubwa, nayo haipepesi, ila yenyewe inaweza kukesha.

Nikafundisha hivyo miaka kadhaa. Niliolewa na fundi seremala wa hapa hapa, nikamzaa Neema. Somoe, yule mtoto wa mgongoni, akafika darasa langu. Ndipo siku moja wakati wa mapumziko akaja mezani kwangu, hakuwa na daftari wala swali. Alisimama tu.

"Nini, mama?"

"Baba anafunga mzigo," akasema.

Kisa chenyewe nilikisikia mchana ule, mara tano, na kila aliyenisimulia aliongeza chumvi yake. Kilichotokea ni hiki. Wakati wa mvua hakuna anayeshuka bondeni. Tunakinga maji ya paa, na mawingu yamefunika anga, kwa hiyo hakuna anayetazama nyota. Mvua zikakatika, mapipa yakakauka. Mama Somoe, aliyekuwa ameshinda shambani kwenye mbaazi, akalala mapema kwa uchovu. Alipozinduka alitoka nje, akaiona nyota kubwa upande wa mawio, imetulia, imeshapita paa la jiko. Akajua amechelewa. Akapita kwa jirani, akaita, kimya. Akadhani wenzake wameshatangulia. Akashuka peke yake.

Kwenye mteremko akakutana na wanaume watatu waliokuwa wakirudi msibani. Akawaamkia, akawauliza kama wenzake wako mbele. "Wenzako gani, mama?" mmoja akamjibu. "Huu ni usiku mkubwa." Akageuka, akarudi nyuma yao na ndoo tupu. Kulipokucha habari ilikuwa imeshafika sokoni: mke wa mtu, peke yake, usiku, njia ya bondeni, ndoo haina hata tone.

Mnajua kawaida za hapa. Mume ndiye aliyekuja kuishi kwenye viwanja vya wajomba wa mkewe, hivyo mambo yakiharibika hatoki mke, hutoka mume. Baba Somoe alikuwa mtu mpole, hodari wa mikorosho, asiyependa maneno. Nilimkuta anakaza kamba kwenye gunia la nguo zake. Alikuwa na kaka Masasi, anakwenda kwa kaka yake.

"Nangu mimi si mtu wa kelele, mwalimu," alisema bila kuniangalia. "Nangu naondoka tu. Angeniambia kitu kingine ningejaribu kukiamini. Lakini nyota ya maji? Nyota ya maji haitoki usiku. Hata Somoe anajua." Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililokuwa linamfunga mzigo.

Jioni Mzee Bakari, mjomba wa Mama Somoe, akatuma niitwe. Baraza lilikuwa uani kwa mpwa wake. Wazee walikuwa pale, wale wanaume watatu walikuwa pale, na Mama Somoe alikaa kwenye mkeka, khanga imefika machoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Keti. Mpwa wangu anasema aliamshwa na nyota ya maji. Mumewe anasema nyota hiyo haitoki usiku. Watoto wanasema wewe unazijua nyota kwa majina ya baba zao. Nani mkweli?"

"Wote wawili, mjomba."

Pakawa na minong'ono. "Lisemwalo lipo," akaguna mmoja wa wale wa msibani, "kama halipo laja."

Mama Somoe akainua uso. "Ilikuwa kubwa, mjomba. Na haikupepesa. Niliitazama mpaka nikajiridhisha, ndipo nikachukua ndoo. Mama alinifundisha hivyo, na wewe ulikuwepo." Mikono yake ilikuwa inaukunja ukingo wa mkeka na kuukunjua.

Nikawageuza waangalie machweo. Zuhura ilikuwa pale, inang'aa juu ya mikorosho. Nikawaambia nyota yao ya maji wakati wa mvua ilihamia jioni, ndiyo hii, na aliyoiona Mama Somoe ni nyingine, Mshtarii. Wazee wakaniambia kwa upole kwamba hiyo ni nyota ya jioni na kila mtu anaijua. Sikubishana. Nikawaomba kitu kimoja tu: tukae hapa tuione hiyo nyingine ikichomoza.

Tukakaa. Ukungu ukaja. Ninyi mnaujua ukungu wa huku juu, ukishaamua haubembelezwi. Ukafunika mikorosho, ukafunika jiko, hatimaye tukawa tunaonana kwa moto tu. Wazee wakasimama mmoja mmoja, wakikohoa. Baba Somoe akasema atapanda basi la alfajiri.

Mzee Bakari alikuwa bado amekaa. "Mkwe wangu," akasema, "basi la Masasi lipo kila siku. Nipe usiku mmoja. Ukishatoka hapa na neno hili, huyu hataolewa tena, na mjukuu wangu ataitwa kwa jina la njia ya bondeni. Nakuomba usiku mmoja tu." Mzee yule sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Baba Somoe akarudisha gunia ndani.

Siku iliyofuata nilifundisha hesabu na sikumbuki nilifundisha nini. Kila mapumziko nilitoka kutazama anga. Jioni anga lilikuwa safi, ila watu walikuwa wakichoma majani kwenye mashamba, na upande wote wa mawio ulikuwa na moshi.

Walikuja wengi kuliko jana, maana mwalimu kushindwa ni kitu cha kutazamwa. Mwalimu Chilumba alikuja pia na kigoda chake, akakaa nyuma, kama alivyokaa darasani kwangu wiki ile ya kwanza. Tukangoja mpaka watoto wote wakalala. Halafu kati ya mikorosho miwili ikatokea, kubwa, ya manjano kwa moshi. Watu wakasema "Eee!" Nami nikaanza kupumua.

"Mbona inapepesa, mwalimu?"

Aliyeuliza ni yule yule wa msibani. Na ilikuwa inapepesa kweli. Ilikuwa inatapatapa mle kwenye moshi bila aibu. "Mwenyewe amesema yake haikupepesa," akaendelea. "Basi siyo hii. Basi hakuna." Baba Somoe aliinama akashika kichwa. Mama Somoe alinitazama mimi. Miaka yote niliyofundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kunitazama hivyo.

"Iko chini," nikasema. "Tusiihukumu bado. Alipoiona ilikuwa imefika paa la jiko. Na sisi tuingoje hapo hapo." Nyuma yangu nilisikia kigoda cha Mwalimu Chilumba kikilia kidogo, anajiweka sawa.

Hakuna kazi ngumu kama kuwakalisha watu wazima wangoje kitu kisichokimbizwa. Nilitamani niipandishe kwa mkono. Wengine walisinzia. Mzee Bakari alisimulia kisa cha nguruwe pori na muhogo, kirefu, kisicho na kichwa wala miguu, na nadhani alikisimulia makusudi. Nyota ikatoka kwenye moshi. Ikaacha umanjano, ikawa nyeupe. Ikapepesa, ikapepesa kidogo, na ilipofika ukingo wa paa la jiko ilikuwa imetulia tuli.

Baba Somoe akasimama, akaenda mlangoni kwake, mahali ambapo mkewe husimama akitoka kulala. Akatazama juu ya jiko. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaingia ndani, nasi tukajua ameenda kuchukua gunia. Akatoka na ndoo.

"Twende," akamwambia mkewe.

"Wapi, Baba Somoe? Huu ni usiku."

"Najua ni usiku. Nataka nipite ulipopita." Akahamishia ndoo mkono wa pili. "Nijue uliogopa kiasi gani."

Mama Somoe alianza kulia hapo, baada ya siku mbili zile. Wakatoka pamoja, yeye mbele, mumewe nyuma na ndoo. Yule wa msibani akakumbuka ana shughuli nyumbani. Mzee Bakari akajifuta uso kwa kofia, akaniambia, "Mwalimu, ahsante. Sasa na wewe kalale." Mwalimu Chilumba alipita akinigusa bega tu, akaondoka na kigoda chake. Sijapata sifa nyingine ninayoikumbuka kama hiyo.

Tangu hapo akina mama waliongeza sheria moja kwenye utaratibu wao, nami niliifundisha kwa kila darasa mpaka nilipostaafu. Kabla hujaiamini nyota ya mawio, kumbuka jioni uliona nini machweo. Ukiiona kubwa kule jioni, ya maji haipo alfajiri, na ile itakayokuamsha usiku ni Mshtarii. Hapa kwetu waliipa jina lao wenyewe. Wanaiita Mwongo.

Na Baba Somoe hakumwacha tena mkewe atoke wa kwanza. Alinunua baiskeli, akawa anashuka naye. Kila alfajiri yeye ndiye aliyetoka nje kutazama. Ikiwa ni Mshtarii alirudi ndani akasema, "Bado. Ni yule Mwongo. Lala." Wanaume wenzake walimtania kwamba ameolewa na ndoo. Akawajibu kwamba ndoo yake haina maneno mengi kama wake zao.

Sasa mwalimu wa darasa la tano, hiyo ndiyo namna niliyofundisha. Mwanzi wa Mwalimu Chilumba, Mungu amrehemu, nimeuacha kwenye kabati la ofisi, nyuma ya mpira uliopasuka. Mpira wa baiskeli wa kufungia itabidi utafute mpya.

Nimalizie na la juzi. Kwa kuwa nahamia Masasi kwa Neema, nilikwenda kuwaaga Mama Somoe na mumewe, wakanizuia nilale. Wamezeeka. Bomba liko uani kwao siku hizi, hatua chache kutoka mlangoni, na Somoe amewanunulia simu inayowika kuliko jogoo. Macho ya Mama Somoe yamefifia. Nyota hazioni tena. Lakini mwili wake umezoea, na alfajiri nilimsikia akigeuka kitandani chumba cha pili.

"Imefika?" akauliza.

Mlango ukalia. Baba Somoe akatoka na fimbo yake, akasimama uani, akarudi polepole.

"Bado, Mama Somoe," akasema. "Ni yule Mwongo. Lala."

Nikamsikia akimfunika shuka, na baada ya kidogo pumzi ya mwanamke yule ikawa nzito. Mimi usingizi uliniishia, na mazoea hayana dawa. Nikajifunga khanga, nikatoka nje. Jioni nilikuwa nimetazama machweo na hapakuwa na kitu. Upande wa mawio kulikuwa kumeanza kuwa na weupe kidogo. Juu ya jiko, usawa wa paa kabisa, ilikuwa Zuhura yenyewe, nyota ya maji, imetulia, saa yake ile ile.

Mzee yule hakuwa amekosea; maji yako uani, alitaka tu mkewe alale. Ameitazama kila alfajiri tangu usiku ule, anaijua kuliko mimi.

Nikarudi ndani kwa kunyata, nisimwamshe Mama Somoe.